Albamu ya Mama Inalingoja Tarumbeta Lako

Ghorofani, juu ya duka letu la kushona,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba Mashavu,

Shikamoo. Mama hakuamkii, anasema mtu uliyeoga naye beseni moja utotoni humwamkii, unamuuliza tu kama yupo. Haya basi, upo? Magoti yanasemaje na baridi ya huko? Na yale meno ya bandia, yameshakubali kukaa mdomoni au bado yanashinda kwenye glasi? Usininunie. Nauliza kwa mapenzi, na pia kwa sababu habari yangu yote leo inapitia kwenye meno yako.

Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, mgongo tu ndio unaomkumbusha umri. Mama Mdogo naye mzima kabisa, na mdomo wake bado haujui likizo. Mimi na cherehani zangu tunasukumana, kazi ipo, wateja wanalalamika na wanarudi.

Sasa shika kiti. Mama anarekodi albamu! Ndiyo, mama yangu, dada yako, Chiriku wako uliyemkokota jukwaani magoti yakimgongana. Albamu nzima ya zile nyimbo za jazi, zilizopendwa za ng'ambo mlizokuwa mkipiga kwenye ukumbi wa hoteli. Zote zimekamilika isipokuwa mmoja, na huo mmoja umekwama kwa ajili yako. Bila tarumbeta lako hautoki. Nimelisema mapema ili usije ukadai nilikuzunguka.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mjomba jamani! Nimepiga mara ngapi? Kila nikitaja tarumbeta unaanza "haloo, haloo, sikusikii, mtandao huu," na mimi huku nakusikia vizuri mpaka unavyomeza chai. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua hii huwezi kuikatia mtandao.

Nianze ilivyoanza. Unajua Mama hunisaidia kupiga pasi dukani, na akishika pasi lazima aimbe. Siku hiyo alikuwa anaimba ule wimbo wa koti lililosahauliwa, taratibu, kwa chini, kama anaongea na mashati. Nilikuwa nimempandisha mteja mmoja kwenye kiti ili nimpime urefu wa suruali. Mguu mmoja nimeshautia pini, nageukia wa pili, naona mtu hatulii. Mara akaruka chini, pini na vyote, akaenda kusimama mbele ya meza ya pasi huku mguu mmoja wa suruali mrefu na mwingine mfupi. Kumbe ana studio ya kurekodi muziki mtaa wa pili! Sisi siku hizi tunamwita Bwana Studio. Suruali yenyewe hakurudi kuichukua mpaka wiki iliyofuata, alikuwa hana habari nayo.

Mama kwanza alimcheka. Alimwambia nyimbo hizo zimeimbwa na kila mwenye koo duniani, nani atataka kuzisikia kwa mpiga pasi. Bwana Studio akajibu kwamba ndiyo raha yenyewe, kila mmoja anazivaa kwa umbo lake. Hapo mimi nikamwelewa mara moja. Nikikata kitambaa kile kile kwa wateja kumi, napata magauni kumi, na hakuna hata moja linalofanana na jingine mwilini. Nikamwambia Mama asipokwenda mimi nafunga duka.

Basi tukatoa santuri zako kabatini. Zile zote ulizotuachia, za wale waimbaji wa jazi, maganda yake ya karatasi yameanza kuchanika pembeni lakini zenyewe zinalia vizuri. Mama alikaa sakafuni mchana kutwa kama msichana, anaweka, anaondoa, anabishana na waimbaji waliokwisha kufa. Huyu kaharakisha. Huyu hapa alitaka kujionyesha. Huyu, haya, huyu alikuwa anajua. Mama Mdogo alipouliza chakula kitapikwa na nani hakujibiwa.

Na unajua alimtafuta nani? Twiga! Twiga wenu wa besi, yule mrefu aliyekuwa akiinama kuingia kila mlango. Yupo, amepinda kidogo tu, na besi lake lipo, amelifunika blanketi kama mgonjwa. Alipoambiwa habari hakuuliza malipo wala nyimbo. Aliuliza Mashavu anakuja lini.

Wengine ni wapya kwako. Kwenye piano yupo mwalimu mmoja wa muziki, mwanamke mwenye vidole virefu na subira isiyo na mwisho. Kwenye ngoma yupo kinyozi wetu. Usicheke! Ukimwona anavyozipapasa zile ngoma kwa brashi utajua mkono wa kinyozi una faida gani. Haamshi hata nzi.

Lakini nisikupige chuku, siku ya kwanza studio ilikuwa msiba. Mama alivaa hedifoni, akaimba, kisha akasikilizishwa alichoimba. Akaniangalia mimi kupitia kioo cha chumba cha kurekodia, akauliza, "Huyu bibi kizee ni nani?" Akavua hedifoni, akachukua mkoba wake, akatoka. Nilimkuta ngazini amekaa. Alisema sauti yake imeondoka bila kumuaga, zile za juu hazifikii tena, na huku chini kumejaa kokoto. Mjomba, roho iliniuma, maana wewe na mimi tunajua ile sauti ilivyokuwa.

Aliyemrudisha ni yule mwalimu wa piano. Hakuja kumbembeleza wala kumwambia uongo. Aliacha mlango wazi tu, akaanza kupiga wimbo ule ule, lakini ameushusha chini, chini kabisa, akaupunguzia mwendo. Mama akatega sikio. Akaanza kuufuata palepale ngazini, mkoba mapajani. Weee, Mjomba! Hilo kokoto lilipokaa mahali pake, nilisisimka mpaka kwenye kisogo. Zamani alikuwa anaimba vizuri. Sasa ukimsikia unaamini kila neno, kwa sababu anayesema ameyapitia. Kinyozi aliinuka kwenye ngoma akaja mlangoni na brashi zake mkononi, akasimama tu.

Tangu siku hiyo hashikiki. Anaamka anaimba, anapanga vyombo anaimba. Amemkatalia Bwana Studio mambo chungu nzima: hataki sauti yake isafishwe, hataki mwangwi wa kanisani, hataki waimbaji wa kumuitikia. Anataka isikike kama watu wako chumba kimoja. Bwana Studio kanywea, siku hizi anasema "ndiyo, Mama" kama mimi.

Kuna mchezo Mama Mdogo kaufanya ambao lazima uujue. Alikuja na chupa ya chai na bangili zake zote, akaapa atakaa kimya. Mdomo kweli aliufunga, lakini wimbo ulipomkolea mikono haikumsikia. Sasa katikati ya ule wimbo wa taa za kituoni kuna bangili zinalia cheng, cheng, tena zinaenda na mapigo! Bwana Studio alitaka kurudia, Mama akasema ziachwe. Mama Mdogo hivi sasa anawaambia majirani kwamba amerekodi albamu akiwa na dada yake.

Picha ya ganda la santuri tumeshapiga. Nimemshonea gauni la mahameli ya bluu iliyokolea, mikono mirefu, shingo wazi kidogo, kwa sababu ile shingo haijazeeka bwana, ikubali tu. Amekaa karibu na dirisha la duka, pasi iko mezani nyuma yake. Mpiga picha alitaka kuiondoa pasi, Mama akamwuliza kama yeye angekubali kupigwa picha bila kamera yake. Ilibaki.

Sasa tufike kwenye kiini, na tafadhali usiikunje barua hii ukaiweka mfukoni.

Wimbo wenyewe ni ule wa ngazi. Unaujua kuliko mtu yeyote: mtu yuko ghorofani, anasikia mlango wa chini unagongwa, anajua ni nani, anashuka mbio. Mlikuwa mnaupiga mwisho kabisa ili watu waende nyumbani wakiwa na furaha. Mama anaimba mpaka anapousikia mlango, kisha wewe, kwa tarumbeta lako, ndiye unayeshuka ngazi. Hata mimi, mtoto wa wakati ule, nilikuwa nakuja kwenye mazoezi ya mchana, viti vimepinduliwa juu ya meza, nangoja pale tu. Wewe na mashavu yako hayo, unazishuka ngazi mbilimbili, unakaribia kuanguka, unashika ukuta, unafika. Halafu Mama anaingia kufungua mlango.

Tulipanga piano ijaze pale. Mwalimu alijiandaa, kila kitu kiko sawa. Wakaanza. Mama akaimba vizuri mno, akafika kwenye mlango, akanyamaza. Lakini piano haikuingia, kwa sababu mwalimu alikuwa amepanga Mama ampe ishara ya kichwa, na Mama hakumpa ishara. Alifumba macho, akageuza kichwa kidogo kushoto, akakaa kimya. Sisi nyuma ya kioo tukadhani amesahau maneno. Mama Mdogo akaanza kumtamkia kwa midomo, mikono hewani, anapunga kama anaongoza gari kinyumenyume. Kinyozi akaacha kupiga. Mwalimu akatoa mikono kwenye piano. Aliyeendelea ni Twiga peke yake na besi lake, taratibu, hakosi hata pigo moja, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Kisha, nakuapia, pale pale panapopaswa, bila kuambiwa na mtu, Mama akaingia akafungua mlango. Hakuwahi, hakuchelewa. Akamaliza wimbo na Twiga wawili tu.

Bwana Studio akamwambia kwa adabu kwamba hakuna neno, kusahau ni kwa kila mtu, warudie. Wakarudia. Akafanya vile vile! Wakarudia tena, na ishara ya kichwa amefundishwa, na amekubali, na amefanya vile vile. Hapo Twiga akacheka kwa sauti, akalilaza besi chini. Akasema, "Hajasahau kitu. Anampisha kaka yake."

Mama mwenyewe alishangaa. Aliuliza, "Kwani nilinyamaza?" Mjomba, alikuwa anakusikia! Kichwani mwake ulikuwa unapiga, tena sehemu yako yote, kutoka ngazi ya juu mpaka mlangoni, na ndiyo maana aliingia pahala pake barabara. Ukumbuke wewe ulikuwa unasimama upande wa bega lake la kushoto.

Bwana Studio hakukata tamaa. Akamleta mpiga tarumbeta mmoja wa bendi ya harusi, mtu hodari, kila noti safi kama shati jipya. Alipiga juu ya ile sehemu tukasikiliza. Mimi nilikuwa tayari kupiga makofi. Mama alimshukuru, akamwandalia chai, akamsifu kwa moyo. Alipoondoka akasema, "Anapiga vizuri. Ila anashuka ngazi za nyumba nyingine." Kwisha habari.

Kwa hiyo tunakuhitaji, na najua jibu lako. Meno. Tangu yang'olewe yale ya mbele umetutangazia kwamba mdomo umekufa na tarumbeta umeliuza. Basi naomba usimgombeze binamu yangu, binti yako, maana nilimbana mpaka akasema. Tarumbeta liko chini ya kitanda. Na Jumamosi unajifungia bafuni, unafungulia maji ili lisisikike, unapiga! Anasema zinatoka noti chache, nyingine zinatoka na upepo, na ukitoka unakuwa na macho mekundu unasingizia sabuni. Mjomba wangu mpenzi, hatuhitaji zaidi ya hizo chache.

Mama nilimpelekea hoja ya meno. Alikuwa anapiga pasi, hakuinua hata kichwa. Alisema, "Mwambie mimi nimeimba kwa sauti iliyonibakia. Na yeye apige kwa mdomo uliombakia." Halafu akaongeza kwamba zile ngazi siku hizi hata yeye hazishuki mbio, anashika ukuta na anapumzika katikati, kwa hiyo ukizishuka hivyo ndivyo sawasawa, na atakungoja mlangoni. Twiga naye amesema besi litakuwa chini yako muda wote, ukiyumba ataonekana amekosea yeye.

Mambo ya mitambo ni rahisi, usitafute kisingizio huko. Bwana Studio atamtumia binamu wimbo kwa mtandao. Utavaa hedifoni, utamsikia Mama, utapiga, binamu ataurudisha. Hata bafuni inafaa, ila maji ufunge. Bwana Studio anapeleka kazi yote kiwandani ikachapwe santuri mwisho wa mwezi ujao, na amesema wazi kwamba siku hiyo haisogei.

Nimekuficha jambo moja kwa sababu nilitaka usome yote kwanza. Juzi nilikwenda studio kusikiliza wimbo huo peke yangu, kwa hedifoni, sauti kubwa. Mama anafika kwenye mlango, ananyamaza, Twiga anaendelea. Na hapo, chini kabisa, sikio lazima ulitege, kuna sauti ya Mama, haimbi, anaongea kama alivyokuwa akikuita jukwaani wakati wa kupiga ukifika: "Haya, Kaka."

Sauti hiyo imo mara zote tatu. Hakujua kwamba alisema. Bwana Studio alitaka kuifuta, akidhani ni kasoro, nikamzuia, nikamwita Mama aje aisikie mwenyewe. Alisikiliza, akaomba arudishiwe, akasikiliza tena. Kisha akasema isifutwe, na ile nafasi asiijaze mtu yeyote. Ukipiga, utasikika. Usipopiga, albamu itatoka hivyo hivyo, na kila atakayeinunua atasikia mwanamke anamwita kaka yake na hakuna anayejibu.

Umeitwa, Mjomba. Itika.

Msalimie sana wifi yake Mama, mwambie gauni lake ninalo akilini, anipe vipimo. Mbusu binamu, mpelelezi wangu, umlinde asipigwe. Mama Mdogo anakusalimu na anataka ujue kwamba bangili ni zake. Twiga anakusalimu, kinyozi na mwalimu wa piano wanakusalimu ingawa hawajakuona, wanasema wamezoea kukungoja. Mama hakusalimu, yeye salamu yake umeshaisikia.

Mungu akutunze, akupe pumzi na uthabiti wa midomo, na akutoe huko bafuni.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye mno,
Fundi Cherehani.